Mlango Unafunguliwa Saa Tatu

Jumamosi, 5 Aprili

Nimepata kazi kwa sababu ya koo langu. Nilikwenda Ng'ara Mavazi, lile duka jipya la nguo za bei nafuu karibu na soko, kuomba nafasi ya kukunja nguo. Meneja, Madam Emily, hakutazama hata cheti changu cha kidato cha nne. Alinitoa nje mpaka barazani akaniambia, "Nyevu, yule mama pale ng'ambo ya lami, mwenye kikapu. Mlete."

Nikapaza sauti: "Mama mwenye leso ya kijani! Rangi hiyo imekukubali, lakini huku kuna dera litakalomfanya mzee asahau kwenda kazini!" Yule mama akacheka, akavuka. Nyuma yake wakavuka wengine watatu ambao hata sikuwaita.

"Umeona?" Madam Emily akasema. "Hao watatu hawakuja kwa sababu yako. Wamekuja kwa sababu ya yule mmoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nimempigia simu mama yangu, kijijini Kakuyuni, kumpa habari. Amepiga vigelegele mpaka nikasikia kuku wakikimbia.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya kwanza ya masika. Nimeshinda nikiandika bei. Juu naandika mia nane, naikata kwa kalamu nyekundu, chini naandika mia tatu na hamsini. Nikauliza ni lini ziliuzwa mia nane. Moraa, keshia wetu, akanitazama kama mtoto. "Hazijawahi," akasema.

Nguo za bei ya chini kabisa tunazitundika ukuta wa mwisho, ili mtu azipite nyingine zote kwanza. Madam Emily anajua mambo. Nataka nijue anachokijua.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku yangu ya kwanza kwenye kipaza sauti. Tangu Alhamisi tuktuk ilikuwa inazunguka Shella, Kisumu Ndogo na barabara ya Kakuyuni na sauti yangu: mlango unafunguliwa saa tatu, hamsini wa kwanza blauzi kwa shilingi hamsini.

Saa tatu ilipofika walikuwapo watu kama thelathini. Nikadhani tunafungua. Madam Emily akasema tungoje. "Foleni ndiyo tangazo. Mtu akipita na tuktuk akaona mlango wazi, anaona duka. Akiona mlango umefungwa na watu wamejipanga, anashuka."

Kweli, saa tatu na nusu walikuwa themanini. Nikapanda kwenye jukwaa dogo pembeni mwa mlango, nikaambiwa nihesabu kutoka kumi kuja moja. Watu wakahesabu nami. Tulipofika moja, mlango wa chuma ukakunjwa juu, wakaingia kwa kelele na vicheko. Mwili wote ulinisisimka. Sijawahi kusikilizwa namna ile.

Aliyenuna ni mlinzi peke yake, Mzee Thuku. Ni mtu wa bara aliyeishi Malindi miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako mlangoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 19 Aprili

Jumamosi ya Pasaka. Watu mia mbili, tumefungua saa nne kasorobo. Video yangu nikihesabu, waliyoiweka mtandaoni, imetazamwa mara elfu arobaini, na mjini wananiita Dada Hesabu. Kioo cha mbele kimepata ufa kwa kusukumwa. Nilidhani Madam Emily atakasirika. Aliupiga picha, akauweka mtandaoni na maneno: *Hata kioo kimeshindwa kuwazuia!*

Alhamisi, 24 Aprili

Hapa tunapopanga Kisumu Ndogo watoto wamepata mchezo mpya. Mmoja anasimama mlangoni mwa bafu, anahesabu kutoka kumi. Wengine wanajibana nyuma yake. Akifika moja wanaingia wote kwa mara moja. Leo mmoja amechanika kiwiko.

"Hiyo ni kazi yako," aliniambia Mama Cindy, jirani yangu wa mlango wa pili. Jina lake ni Pamela, anauza mitumba sokoni na anamlea bintiye Cindy peke yake. "Mimi pia unaniua na huo mdomo, mdogo wangu. Jana nimeuza sketi moja tu."

Alikuwa anacheka, akanimiminia chai. Nikanywa.

Jumamosi, 26 Aprili

Shule zinafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo leo ilikuwa zamu ya sweta za shule. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watu wote walitaka kusimama barazani penye paa, na baraza lenyewe ni upana wa hatua nne. Saa tatu ilipita. Saa tatu na nusu ikapita. Madam Emily alikuwa ofisini, akanitumia ujumbe kwenye simu: *Usianze kuhesabu mpaka foleni ifike lami.*

Kabla haijafika, mwanamke mmoja alizimia. Hakuanguka. Alibaki amesimama, kichwa kimelala begani kwa mtu asiyemjua, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Mzee Thuku ndiye aliyemwona, akamvuta juu ya vichwa vya watu.

Baadaye alinifuata stoo.

"Mama, mimi nimesimamia milango ya uwanja wa mpira miaka kumi na mbili," akasema. "Watu wakibanana vile, hawasukumi tena. Wanasukumwa. Wa nyuma haoni kitu, na wa mbele hana pa kwenda. Ukiona wamenyamaza, ujue hali ni mbaya."

Nikamwambia mvua ndiyo iliyowabana. Halafu nikaenda kumweleza Madam Emily kwamba mlinzi anawatisha wafanyakazi. Alinishukuru.

Jumamosi, 3 Mei

Watu mia tatu. Sauti imekauka, nanyonya tangawizi.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nilijaribu kutazama nyuso badala ya simu zilizoinuliwa. Kutoka kumi mpaka sita walikuwa wanahesabu nami. Kuanzia tano waliokuwa mbele walinyamaza. Nyuma wanaimba, mbele kimya. Nikamtafuta Mzee Thuku kwa macho. Naye alikuwa ananitazama.

Jumatano, 14 Mei

Mafundi wameweka vyuma barazani, pande zote mbili, virefu kufika kifuani. Vinaanzia ukingo wa lami mpaka mlangoni, vinafanya njia moja nyembamba. Kwenye picha foleni itaonekana nadhifu.

Mzee Thuku aliuliza mbele yetu sote: "Na mtu akibadili mawazo katikati, atokee wapi?"

"Aliyebadili mawazo hatutaki atoke, mzee," Madam Emily akajibu, na wote tukacheka. Nami nilicheka.

Jumamosi, 17 Mei

Bibi mmoja alitaka kutoka kwenye foleni akashindwa. Mzee Thuku alimbeba juu ya vyuma kama mtoto, lakini mkono wa bibi ulikuwa umeshateguka. Madam Emily alimkalisha kwenye kiti, akamwita "bibi yangu", akampa dera la bure, akapiga naye picha. Bibi alitabasamu. Mkono wenye maumivu aliuficha chini ya leso.

Jumanne, 20 Mei

Mvua ya siku tatu mfululizo. Barabara ya nyuma imegeuka ziwa.

Nilimkuta Madam Emily stoo, amekaa juu ya robota la nguo, analia. Mwenye duka amepiga simu kutoka Mombasa. Tawi letu lisipoyapita mengine kwa mauzo kabla ya Idi, analifunga. "Tuko watu kumi na mmoja hapa, Nyevu. Kila mmoja ana watu nyuma yake. Nifanye nini?"

Nikamwambia kwamba kwa Idi tutawajaza watu mpaka ng'ambo ya lami. Nilitaka tu aache kulia.

Jumanne, 27 Mei

Mpango umetoka. Jumamosi hii, madera ya Idi kwa shilingi mia, kwa wanawake mia moja wa kwanza tu. Mia moja, si zaidi. Nimerekodi tangazo mara sita mpaka neno "tu" likamridhisha Madam Emily.

Moraa ameniambia kwa sauti ya chini kwamba stoo kuna marobota manane ya madera hayohayo. "Kama elfu moja hivi. Jumatatu yatauzwa mia na hamsini."

Jioni mama amenipigia. Wanawake wa chama chao Kakuyuni wamelisikia tangazo, wanataka kukodi gari waje wote. "Tuje tukuone mwanangu ukisema, na madera tupate."

"Msije, mama."

"Kwani kuna nini?"

"Msije tu. Nitawaletea mwenyewe."

Nimekata simu, na tangu hapo najiuliza ni kitu gani hasa nilichokuwa nakijua nilipomwambia hivyo.

Alhamisi, 29 Mei

Mama Cindy ameniomba nimfichie dera moja la Idi, amshonee Cindy mshono wa kisasa, maana marafiki zake wote wa Shella watavaa mapya. Nikamwambia haturuhusiwi kuweka kitu pembeni.

"Basi nifanye nini, mdogo wangu?"

"Njoo mapema," nikamwambia. "Kaa mbele kabisa."

Jumatatu, 2 Juni

Sikuweza kushika kalamu siku mbili. Naandika sasa yalivyofuatana, kabla kichwa changu hakijaanza kuyapanga upya kwa kunihurumia.

Jumamosi saa moja asubuhi, foleni ilikuwa imeshafika lami. Saa mbili ilikuwa imevuka lami, na magari yalikuwa yanapita kwa kupiga honi. Mvua ilikuja saa mbili na nusu, nzito, ya upande, na wote waliokuwa nje ya paa wakasogea ndani ya ile njia ya vyuma.

Saa tatu ilipofika nikamtazama Madam Emily kupitia kioo. Akatikisa kichwa. Alikuwa amemkodi mpiga video kutoka Mombasa, na gari la yule kijana lilikuwa limekwama na mvua upande wa Kilifi. Saa tatu na nusu. Saa tatu na dakika arobaini. Muziki ulikuwa juu sana. Mlango wa chuma kando yangu ulianza kutoa mlio, si wa kugongwa bali wa kulemewa.

Mama Cindy alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, kwa sababu alikuja mapema kama nilivyomwambia. Alivaa sweta la buluu. Mwanzoni alinipungia mkono. Baadaye mkono haukuweza kupanda tena. Alikuwa ameinua kidevu juu, kama mtu aliyesimama ndani ya maji yanayomfika mdomoni. Midomo yake ilisema jina langu. Sauti sikuisikia.

Mzee Thuku alikuwa ndani, kwenye mnyororo wa kufungulia mlango, akingoja nimalize kuhesabu. Alipiga kelele kupitia upenyo: "Niruhusu nifungue sasa! Au waambie warudi nyuma! Mama, waambie!"

Wakati huohuo mpiga video akawasili, akapanda juu ya gari lake ng'ambo ya barabara, akainua dole gumba. Simu yangu ikatetemeka. *Hesabu.*

Nikahesabu.

Kumi. Nyuma walishangilia. Tisa. Nane. Kwenye saba, mwanamke wa mstari wa pili alifumba macho. Sita. Mbele hapakuwa na sauti hata moja, na nilikuwa nimeambiwa maana yake. Tano. Kwenye nne kichwa cha Mama Cindy kikashuka, sweta la buluu sikuliona tena. Nikasema tatu. Nikasema mbili.

Moja sijui kama niliisema. Mlango ulipanda kufika kiunoni ukakwama, kwa sababu ulikuwa umepindishwa kwa kulemewa. Wa mbele wakaangukia ndani chini yake, na waliofuata wakaanguka juu yao, na wa nyuma waliona mlango umeanza kufunguka wakaja kwa furaha, wakicheza kwa kufuata muziki.

Nilichomoa waya wa muziki. Nikashika kipaza sauti nikasema la kwanza lililonijia: "Madera yameisha! Ofa imefutwa! Hakuna kitu humu ndani, rudini makwenu!"

Walinitukana. Kiatu kilinipiga begani. Nikaendelea kusema hakuna kitu, mmedanganywa, rudini, mpaka wa nyuma wakaanza kugeuka mmoja mmoja kwa hasira, na uzito ukapungua. Mzee Thuku alitokea mlango wa nyuma na nondo, akang'oa vyuma vya upande wa kushoto, watu wakamwagika barabarani. Wale waliokuwa wakinitukana ndio hao waliorudi kubeba majeruhi kwenye tuktuk.

Nilizunguka nyuma nikakimbilia stoo kutafuta kitu cha kuwafunika waliolala kwenye mvua. Marobota manane yalikuwa pale, hayajafunguliwa. Nilichana moja kwa mkasi wa Moraa, nikatoka na madera mapya kifuani, tukawafunika watu nayo, karatasi za bei zikining'inia.

Waliumia kumi na mmoja. Mama Cindy alikuwa chini ya mlango. Mzee Thuku na mimi tulimtoa. Alikuwa bado na joto, nikawa namsemesha njia nzima kwenye tuktuk. Hospitali waliniambia nimemsemesha mtu aliyekwisha kufa.

Jumatano, 4 Juni

Madam Emily amekuja nyumbani na gari la mtu. Alikaa kitandani kwangu, uso umemsawijika, akaushika mkono wangu. Nilimhurumia. Halafu akafungua mkoba akatoa karatasi ya ushahidi iliyopigwa chapa.

"Polisi watakuita. Mzee Thuku alifungua mlango bila amri, nusu, ndiyo maana watu wakaanguka. Ndivyo ilivyokuwa."

"Sivyo ilivyokuwa, Madam."

"Nyevu." Alisema kwa upole uleule aliomwitia yule bibi aliyeteguka mkono. "Ile video ina sauti ya nani? Mimi sionekani mahali popote. Anayehesabu ni wewe. Nakusaidia wewe, mdogo wangu."

Aliondoka, karatasi akaiacha juu ya shuka. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa chini, kilichobaki ni sahihi.

Ijumaa, 6 Juni

Mzee Thuku amechukuliwa na polisi kwa mahojiano. Mkewe alisimama mlangoni kwangu, hakuniomba kitu. Aliuliza tu kama mumewe alikuwa amekunywa chai siku ile kabla ya mambo kutokea, kwa sababu anasahau kula akiwa na wasiwasi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Majirani wameleta pilau. Sikutoka.

Jumapili, 8 Juni

Cindy amerudi chumbani kwao na mama yake mdogo aliyetoka Busia, wanafunga vitu. Mwili utasafirishwa. Nilikwenda kuwasaidia kufunga marobota ya mitumba. Cindy ana miaka kumi na minne. Alikuwa anakunja kila sketi kama mama yake alivyokunja, mikunjo mitatu.

Kisha akauliza, hakuinua kichwa: "Anti Nyevu, ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana. Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa kubwa. Angeamini.

"Nilimwona."

"Na ukaendelea kuhesabu."

"Niliendelea."

Mama yake mdogo aliacha kufunga kamba. Cindy alimaliza kukunja sketi aliyokuwa nayo, akaiweka juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja.

"Kesho kutwa tutapita polisi kuchukua barua ya kusafirisha mwili," akasema. "Nataka wewe uwe umeshaenda kusema hivyohivyo, ulivyoniambia mimi."

Jumanne, 10 Juni

Mvua imekatika. Nilifika kituoni saa mbili, kabla ya watu. Nilimpa Sajini Mwenda simu yangu aone ujumbe wote wa Madam Emily, tangu ule wa foleni kufika lami mpaka lile neno moja la mwisho. Nilimwambia habari ya vyuma, ya marobota manane, na ya Mzee Thuku aliyetuonya tangu Aprili nami nikamchongea. Ile karatasi iliyopigwa chapa niliiweka mezani, bila sahihi.

Aliandika kwa muda wa karibu saa mbili. Halafu akanisomea taratibu, na alipofika mahali fulani akasita.

"'Nilimzuia mama yangu asije, kwa sababu nilijua kuna hatari. Wengine sikuwaambia. Marehemu nilimwambia akae mbele.'" Akaweka kalamu chini. "Dada, hapa unajifunga mwenyewe. Bila sentensi hizi wewe ni shahidi. Zikibaki, huenda ukashtakiwa pamoja na hao wengine. Unataka nizitoe?"

Nilifikiri juu ya mama. Nilifikiri juu ya kusimama kizimbani, na watu wa Malindi nzima wanaoijua sauti yangu.

"Ziache," nikasema.

Nikatia sahihi kila ukurasa. Nilipotoka, Cindy na mama yake mdogo walikuwa wamekaa kwenye benchi nje, wanangojea barua yao. Cindy alisimama.

"Umesema yote?"

"Yote."

Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kama namdanganya. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Hakuniaga.